Mke wa Fundi Herufi

Nianze na kosa langu, maana nisipolisema mimi watalisema wengine, tena watalitia chumvi. Siku kaka yangu alipoingia choo cha wanawake pale kwenye ukumbi wa mtaa, mwanamke akapiga kelele na watu wote wakageuza shingo, mimi nilikuwa nimekaa na wenzangu wa kikundi cha ushonaji, hatua kumi tu kutoka kwenye mlango ule. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Nikaendelea kutia uzi. Nilijitia hamnazo, kana kwamba mimi na yule mzee anayetolewa chooni kwa kushikwa mkono hatukunyonya ziwa moja.

Aliyeinuka ni wifi yangu. Alikuwa kwenye benchi la nje, anapomsubiria mumewe siku zote. Aliingia bila kukimbia, akamchukua kutoka mikononi mwa watu, akamfunga vifungo vya suruali mbele ya ukumbi mzima kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kumfungia, akasema, "Tunaomba radhi," wakaondoka. Alipopita mbele yangu aliniangalia mara moja. Hakuninunia. Afadhali angeninunia.

Mtaani wanamwita mke wa Fundi Herufi. Kaka yangu ndiye aliyeandika karibu kila kibao unachokiona kwenye barabara zetu mbili: kinyozi, duka la vyuma, zahanati, shule ya chekechea. Wifi mwenyewe alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akipiga pasi mashuka. Siku zake za mapumziko alikwenda na mumewe kazini, akashika ncha moja ya kamba ya chaki, kaka akashika nyingine, wakaivuta na kuipiga ukutani ili mstari unyooke. Binti yao wa pekee alianza kuhesabu kwa kuhesabu herufi za baba yake. Sasa yuko mbali na ana familia yake. Anapiga simu kila Jumapili, baba yake anamwambia yuko salama kabisa, halafu simu inakatwa na baba anauliza, "Yule alikuwa nani?"

Tusidanganyane, mimi na wifi hatukupendana. Hatukugombana pia, kwa sababu ugomvi unahitaji watu wawili na yeye hakuwa akishiriki. Mimi ni mtu wa maneno. Nikimpa mia, yeye ananirudishia moja: "Haya." Unamwambia mboga zimekolea chumvi, haya. Unamwambia mumeo amekonda, haya. Hiyo haya yake ilinikera kwa miaka thelathini na minane. Nilisema ana kiburi, na nilikuwa nikisema kwa sauti ya kutosha ili asikie kutoka jikoni.

Kwa hiyo kaka alipoanza kupotea kidogo kidogo, mtu wa kulaumiwa nilikuwa naye tayari. Dalili ya kwanza ilitoka kwenye kibao. Mwenye duka la dawa aliagiza maandishi mapya, na kaka akamwandikia, kwa herufi nzuri zenye kivuli chekundu, DUKA LA DADA. Mwenye duka akaja akilalamika kwamba yeye hana hata dada. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kaka naye alicheka, ila wifi hakucheka. Yeye alikuwa ameshaona soksi ndani ya birika.

Nilimwambia anamchosha mumewe. Nilimwambia hampi chakula cha kumjenga. Nilimwambia kwetu hakuna ugonjwa wa hivyo, baba yetu alikufa akiwa anakumbuka hata majina ya walimu wake. Daktari alipouita ugonjwa wa usahaulifu na kueleza kwamba huo haurudi nyuma, nilisema daktari mwenyewe bado mtoto. Wifi alisema, "Haya."

Nyumbani kwao watu walipungua mmoja mmoja, bila ugomvi wowote. Waliokuja walikaa mkao wa kuondoka. Walimuuliza wifi, "Anakula?" na kaka amekaa pale pale, akajibu mwenyewe, "Nakula," wakamuuliza wifi tena, "Analala?" Mimi pia nilifanya hivyo, sijitoi. Siku moja nilipita na kumkuta wifi sebuleni ameshika shuka kubwa la kitanda. Shuka la namna ile hukunjwa na watu wawili, na wao walikuwa wakilikunja pamoja tangu waoane, kwa ule utaratibu wa hospitali ambao wifi alimfundisha: pembe kwa pembe, vuta, songa mbele, kabidhi. Kaka alikuwa ameshika pembe zake mbili vizuri tu. Kisha akageuka akaanza kwenda nazo mlangoni, akiuliza, "Tunaondoka saa ngapi?" Wifi akamfuata nyuma na ncha zake, wakazunguka meza namna hiyo. Nikacheka, nikidhani ni mchezo. Alipotazama upande wangu nikaona machozi, nikaaga.

Kilichokuwa kinamshikilia wifi ni ukumbi. Kila siku saa tatu asubuhi alimpeleka, akamkalisha kwenye meza ya drafti na Mzee Posta, ambaye alisambaza barua mtaani kwetu mpaka alipostaafu. Mzee Posta alimwachia kaka asogeze kete anavyotaka, hata kurudi nyuma, akasema, "Fundi, leo umenibana." Mpaka saa sita. Wifi alikaa nje kwenye benchi, haongei na mtu, lakini kulikuwa na sauti za watu nyuma yake. Nilidhani anakaa pale kumlinda mumewe.

Siku tatu baada ya lile tukio la chooni, katibu wa ukumbi alinipa barua nikampelekee. Angeweza kwenda mwenyewe, nyumba ni ya nne kutoka kwake. Alinipa mimi kwa sababu mimi ni dada mtu, na kwa sababu hakuna mtu anayependa kuangaliwa na wifi. Barua ilikuwa na mhuri. Ilisema kamati inamthamini sana Fundi kwa mchango wake, na kwamba kwa heshima yake na ya akina mama, inamwomba apumzike nyumbani mpaka atakapopata nafuu.

Wifi aliisoma amesimama. Kaka alikuwa akikagua mfuko wangu kama askari wa mpakani.

"Nafuu," wifi alisema. Akaikunja barua pembe kwa pembe. "Wewe ulikuwepo, wifi."

"Nilikuwepo."

"Wakifunga ukumbi kwake, wanafunga na kwangu. Unalijua hilo?"

Sikulijua. Nilikuwa nimebeba barua ile njia nzima nikiwaza aibu yangu mimi, kwamba kaka yangu ameingia choo cha wanawake na mwenyekiti wetu wa ushonaji yumo ndani. Hata siku moja sikuwa nimewaza kwamba mtu anaweza kufungiwa ndani na mtu anayempenda. Nilijibu kitu cha kipumbavu, kwamba yatapita tu. Akasema haya.

Mzee Posta alikwenda kumtembelea mara moja, akakaa dakika kumi na kofia mkononi. Baadaye akasema ana mafua, na mafua yale yakamshika wiki mbili. Mwanamume mwenye mafua ya wiki mbili anatafuta sababu, lakini nani wa kumnyooshea kidole? Mimi niliyekaa na sindano?

Jumatatu ya pili wifi alinigongea mapema. Amemshika kaka mkono, amevaa viatu vya kutokea. Alitaka nimwombe mfagizi wa ukumbi atufungulie kabla watu hawajaja. Sikuuliza kwa nini, kwa sababu tangu anijue hakuwahi kuniomba kitu.

Mlangoni mwa ukumbi palikuwa na zulia jeusi la kufutia miguu. Kaka alifika pale akasimama. Alilitazama, akainua mguu juu kabisa kama anayevuka mtaro, akayumba, wifi akamdaka. Miaka yote nilimwona akifanya vile nikadhani ni madaha ya uzee. "Anaona shimo," wifi alisema. Alijua siku nyingi.

Tukafika kwenye milango miwili ya choo. Sasa, vibao vile alivichora kaka mwenyewe, miaka ishirini iliyopita, na alikuwa akijivunia kupita kiasi. Herufi nyeusi kwenye ubao mweupe, kimo kimoja, unene mmoja, nafasi sawa. Alisema ukisimama mbali huwezi kuvitofautisha, kama mapacha. Huo ndio uliokuwa ufundi wake.

"Soma hapa, mume wangu," wifi alimwambia.

Kaka akasoma kwa sauti ya mtu anayejua kusoma. "Wana."

"Endelea."

"Wana," akarudia, akamtazama mkewe kana kwamba ndiye asiyejua. 

Akampeleka kwenye mlango wa pili. "Na hapa?"

"Wana."

"Sasa utaingia wapi?"

Kaka akafikiri. Alikuwa mtu mwenye adabu, na swali lilikuwa la haki. "Hawa wana, na hawa wana," alisema. "Kokote." Akafungua mlango uliokuwa karibu, ambao ulikuwa wa wanawake, akaingia.

Nilisimama nikiangalia vibao vile. WANAUME, WANAWAKE. Maisha yangu yote nimeingia kwenye milango ya namna hiyo na sikuwahi kuona kwamba nusu ya neno ni moja. Mtu anayeishiwa na pumzi ya kusoma katikati ya neno, unampeleka wapi? Nilihisi hasira, nikatafuta wa kumkasirikia, nikajikuta mwenyewe.

Kamati ilikutana Jumamosi alasiri, watu kama ishirini kwenye viti vya plastiki. Katibu ni mtu wa taratibu, ana kalamu tatu mfukoni na zote zinaandika. Alimpa wifi nafasi kwenye "mengineyo", mwisho kabisa, watu wameshaanza kutafuta viatu vyao kwa miguu chini ya viti. Wifi alisimama. Sikuwa nimewahi kumsikia akiongea mbele ya watu zaidi ya watatu.

"Barua inasema mpaka apate nafuu," alisema. "Daktari anasema hatapata. Kwa hiyo naomba mniambie vizuri. Mmempumzisha au mmemfukuza?"

Katibu akakohoa. "Hatujamfukuza, mama. Ukumbi huu ni wa wote."

"Basi yeye hayumo katika wote?"

Wifi akaeleza habari ya milango, polepole, bila kuomba huruma. Akasema mume wake siku hizi anasoma mwanzo wa neno, mwisho wake haumfikii. Aliomba mambo matatu. Milango ipakwe rangi mbili tofauti na ichorwe picha. Zulia jeusi liondolewe. "Na la tatu," alisema, "mkimsalimia, msalimieni yeye. Mkitaka kujua kama amekula, muulizeni yeye. Akikosea jibu haidhuru, si mtihani."

Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba leo tutabadilisha milango kwa ajili ya mtu mmoja, kesho mwingine atataka paa. Mzee Posta, na mafua yake, akageuka. "Mimi nikibanwa sisomi mpaka mwisho," alisema. "Naenda kwa mazoea tu. Siku mazoea yakinitoka, mtanikuta humo humo." Watu wakacheka, na kicheko kikalegeza chumba.

Nikapiga moyo konde, nikasimama. Nilisema mimi ni dada yake wa kuzaliwa, na siku ile nilikuwepo, na sikuinuka. Nilitaka kusema mengi zaidi, mnanijua, lakini nikakaa. Ndipo mwenyekiti wetu wa ushonaji, yeye mwenyewe aliyepiga kelele, akasema kwamba alipiga kelele kwa kushtuka, hakudhuriwa na mtu. "Alisema, 'Samahani, dada,' akafunga mlango wa kijichumba nilichokuwamo," alisema. "Mimi ndiye niliyeufungua tena nikawaita watu." Akaangalia chini.

Wakakubali mwezi mmoja wa kujaribu. Kamati haitoi kitu kizima hata siku moja.

Tulipaka rangi wenyewe, wanawake wa ushonaji, tukiwa tumefunga vitambaa kichwani. Mlango wa wanaume buluu, na picha ya suruali. Wa wanawake njano, na picha ya gauni, ambayo niliichora mimi na watu wakaniuliza kama ni kengele. Kaka aliletwa akakaa kwenye kiti kutusimamia. Hakujua tunafanya nini wala kwa ajili ya nani, ila rangi ilipochuruzika aliona kabla yetu. "Unaweka nyingi mno," aliniambia. "Brashi inatakiwa ikamuliwe. Nani aliyekufundisha?" Wifi alikuwa akiosha brashi. Alicheka kwa sauti. Nilikuwa nimesahau kwamba anacheka vile, kwa pua.

Siku ya kwanza ya kurudi kwake ukumbi mzima ulikuwa unajifanya una shughuli. Aliingia mlangoni bila kuinua mguu, maana zulia halikuwepo. Watu wakamsalimia yeye, wengine kwa sauti kubwa mno kama vile ni kiziwi, lakini yeye. Ilipofika kama saa nne akainuka kwenye drafti. Kete zikanyamaza. Akatembea, akasimama mbele ya milango miwili, akatazama njano, akatazama buluu. Akaingia buluu. Mzee Posta akatoa kikohozi kirefu kuficha furaha yake, na katibu akaandika kitu kwenye daftari lake ingawa hakukuwa na cha kuandika.

Wiki zile zilikuwa nzuri kwa kaka, nasema ukweli. Alianza kuamka akiulizia ukumbi. Hakujua majina ya watu lakini alijua sura zao ni za upande wake. Alizoea kusimama mlangoni na kuwakaribisha wanaoingia, akiwaonyesha viti, mpaka wageni wakadhani yeye ndiye katibu. Katibu mwenyewe aliona wivu kidogo. Kamati ikasahau kwamba ule ulikuwa mwezi wa kujaribu, na hakuna aliyewakumbusha.

Nikajua wifi sasa atapumzika. Nilimwambia aende nyumbani, mimi nipo ndani na ushonaji wangu, nitamwangalia mzee. Akasema haya, akaondoka. Siku ya nne nilitoka nje kutupa vipande vya nguo nikamkuta amesimama ubavuni mwa ukumbi, karibu na dirisha, anachungulia ndani.

"Wifi! Si ulikwenda nyumbani?"

"Nilikwenda," alisema. "Nikarudi."

"Una nini?"

"Nilikuwa naomba nipate saa moja ya kimya. Nimeipata. Nimekaa nayo sebuleni, nimekosa cha kuifanyia." Akatazama dirishani tena. "Huku anaongea. Umemsikia anavyoongea? Nyumbani ananiuliza tu saa ya kuondoka."

Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na minane nilimshika wifi yangu mkono. Mkono mkavu, mgumu kiganjani kwa sababu ya pasi. Nikamwambia kukaa nje kumetosha, aingie, ana haki ya kiti kama mtu mwingine yeyote. Akasita. Nikamvuta. Niliona nimefanya jambo jema kuliko yote niliyowahi kumfanyia, na huenda ndivyo lilivyokuwa, mpaka mdomo ulipoponza kichwa.

Kaka alikuwa mlangoni kwenye kazi yake ya kukaribisha. Akaniona, akafurahi. Mimi alikuwa bado ananijua.

"Dada! Umekuja na nani?"

Nikajibu bila kufikiri, kama nilivyojibu maisha yangu yote, dukani, hospitalini, misibani.

"Na wifi yangu."

Akamtazama. Alimtazama vizuri, kwa heshima, kama mtu anayetafuta sura ndani ya kundi. "Wifi yako?" alisema. "Kaka gani huyo aliyeoa?"

Tulizaliwa wawili tu, yeye na mimi. Kabla sijajirekebisha, yeye akamaliza hesabu yake mwenyewe. Kama huyu ni mke wa kaka, basi ni shemeji.

"Karibu, shemeji," alimwambia mkewe. Akamtolea kiti, akakipangusa kwa kiganja. "Keti hapa. Usiogope, watu wa hapa wema. Na huyo bwana yuko wapi? Mbona anakuacha unatembea peke yako?"

Wifi alikaa kwenye kile kiti. "Ana kazi," alisema.

"Mwambie aje. Tutacheza naye drafti."

"Kaka," nilisema, "huyu ni mkeo."

Akacheka, akanitishia kwa kidole kama tulipokuwa wadogo. "Wewe na utani wako. Mimi na shemeji tunaheshimiana." Akarudi mlangoni, maana kulikuwa na mtu mwingine anaingia.

Nilidhani ni jambo la siku moja, kesho litakuwa limefutika kama yalivyofutika mengine yote. Kumbe ugonjwa ule una ukatili wake. Nilipomsaliti, alisahau kabla hajafika nyumbani. Neno moja nililolitupa bila kukusudia, hilo lilikaa. Wiki nzima aliendelea kumwita shemeji. Alimpisha njiani, alimshukuru kwa chai, alimuuliza habari za huyo kaka mwingine na kwa nini haandiki hata barua. Wifi alikuwa akinisimulia haya kwa maneno machache na kutabasamu, na mimi nikawa natabasamu kwa sababu yeye anatabasamu.

Jumapili nilikwenda kwao asubuhi. Kaka alikuwa uani, anaota jua. Kwenye kochi la sebuleni nikaona mto na shuka.

"Mmepata mgeni?" niliuliza.

"Kaka yako kalala hapo."

"Mmegombana?"

Wifi akacheka kidogo, akaketi ukingoni mwa kochi, juu ya lile shuka. "Amekataa chumbani. Siku ya tatu leo. Anasema hawezi kulala chumba kimoja na mke wa kaka yake, huyo kaka akirudi atamtazamaje usoni. Nimemwambia mimi ni mkeo. Akaniambia, 'Shemeji, tafadhali, si heshima.' Ananiogopa, wifi. Asubuhi amenipigia hodi kwenye mlango wa chumba chetu, akasimama nje mpaka nikamjibu, akaomba kama anaweza kupata soksi zake."

Nilikosa pa kuweka uso. Nilimwambia anisamehe. Nikamwambia maji yamemwagika na mimi ndiye niliyeyamwaga, na kwamba ningekuwa na uwezo ningelirudisha neno lile kooni nikalimeza.

"Si kosa lako," alisema. "Ndivyo nilivyo kwako." Akanyoosha shuka kwa kiganja, mara mbili, tatu. "Ila usiniite hivyo tena mbele yake. Labda litamtoka."

"Nikuite nani, basi?"

Swali lilinitoka likanishtua mwenyewe. Akanitazama, na nadhani tuliliona kwa wakati mmoja. Mtaani ni mke wa Fundi. Kwa binti yake ni mama, kwa mumewe sasa ni shemeji, na mimi niliyeketi kwenye harusi yake na kula kwake miaka thelathini na minane, mdomo wangu haukuwahi kumwita jina jingine zaidi ya wifi.

Akaniambia jina lake. Alilisema kwa upole, kama mtu anayejitambulisha kwa mgeni, akaongeza kwamba wa mwisho kumwita hivyo alikuwa marehemu mama yake.

Nikalitamka. Ilimchukua muda, kisha akaitika.